Mtoto Ndani ya Kofia ya Chuma

Mhadhara kwa walimu, wazazi na watangazaji, Gisenyi, jirani na Grande Barrière

  

Mtu akialikwa kuzungumza juu ya watoto na televisheni hutazamiwa alaumu. Aseme televisheni inaharibu macho, inakula muda wa masomo, inaleta mila za watu. Hayo mmeyasikia kwa maimamu, kwa mapadri na kwa wakuu wa shule, na mengine ni kweli. Mimi nimekuja kusifu. Tena nitasifu kipindi cha wageni kilichokoma mwaka 1994, ambacho wengi wenu hamjapata kukiona, kisha niwaombe kitu.

Kipindi hicho kiliitwa Knightmare. Kilirushwa na ITV ya Uingereza katika saa za watoto, kuanzia Septemba 1987 hadi Novemba 1994, misimu 8 yenye jumla ya sehemu 112. Aliyekibuni ni Tim Child, mtu wa Anglia Television ya mji wa Norwich. Michezo ya kompyuta ya miaka ile, ile ya kompyuta ndogo iliyoitwa ZX Spectrum, ilimkaa kichwani. Mtoto aliketi mbele ya kioo akisogeza kikatuni ndani ya ngome yenye mazimwi. Child akajiuliza: kwa nini mtoto mwenyewe asiingie?

Akamwingiza. Watoto wanne hufika mbele ya mwenye ngome, bwana mwenye ndevu na sauti nzito aitwaye Treguard, ambaye Hugo Myatt alimwigiza tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja wa wanne huteuliwa kuingia. Huvikwa kofia kubwa ya chuma inayomfunika macho, kiasi kwamba anachoweza kuona ni miguu yake na kipande kidogo cha sakafu. Hutundikwa mfuko begani, wa kutilia chakula atakachookota njiani, maana asipokula uhai wake unapungua, na kupungua huko watazamaji wanakuona: kwenye skrini hutokea uso unaobanduka vipande vipande hadi linabaki fuvu. Wenzake watatu hubaki kwa Treguard, wakimtazama kwenye kioo. Wao wanaona kila kitu na hawawezi kugusa chochote. Yeye anaweza kugusa kila kitu na haoni. Kinachowaunganisha ni sauti.

"Nenda mbele. Simama! Geuka kushoto kidogo. Bado kidogo. Sasa hatua moja ya pembeni, upande wako wa kulia. Mbele tena. Upesi, upesi!"

Hapo ndipo penye utamu wote. Mtoto akigeuka kuwaelekea wenzake, kushoto kwake kunakuwa kulia kwao, na katika sekunde mbili za kubishana ni kushoto kwa nani, sakafu imekwisha na yeye ametumbukia. Timu zaidi ya moja ziliangamia hivyo, kwa kosa ambalo kila mmoja wetu hulifanya akimwelekeza dereva kwa simu. Ngome ilikuwa na ngazi tatu. Njiani palikuwa na meza yenye vitu, nao waliruhusiwa kuchukua viwili tu, hivyo walipaswa kuwaza mbele: ufunguo au mkate? Palikuwa na ukuta wenye uso unaosema, ukitega mafumbo matatu, na majibu yakiwa mabaya ukuta haukusaidii. Palikuwa na mchekeshaji wa kasri, wachawi wa kila namna, watu wa kuaminika na watu wa kulaghai, wote waigizaji waliojua hadithi yao lakini hawakujua watoto watasema nini. Ukipewa nguvu ya uchawi, unaitumia kwa kutaja neno lake herufi moja moja. Nawaambia walimu wa imla hapa: sijaona adhabu ya tahajia kali kama ile. Ukiruka herufi, rafiki yako anakufa.

Na ngome yenyewe haikuwepo. Mtoto alikuwa anatembea katika chumba kitupu kilichopakwa rangi ya buluu, kuta hadi sakafu. Vyumba vyenye mawe, mashimo na milango vilikuwa picha zilizochorwa kwa mkono na msanii David Rowe, kisha kompyuta ikazipachika mahali pa ile buluu. Watazamaji nyumbani na wenzake watatu waliona jabali na giza. Yeye, kama angekuwa na macho wazi, angeona rangi ya buluu peke yake na angecheka. Ndiyo maana ya ile kofia. Child alikuwa na tatizo la ufundi, kwamba mshiriki hawezi kuiona dunia anayotembea, naye badala ya kulificha akalifanya kanuni ya mchezo. Kwangu mimi huo ndio ubunifu mkubwa kuliko kompyuta zote zilizotumika pale, nami nitaurudia baadaye kwa ajili ya wale wanaosema sisi hatuna vifaa.

Jambo la pili lililonivutia ni idadi ya washindi. Katika misimu yote minane, timu zilizomaliza safari ni 8. Msimu wa kwanza haikumaliza hata moja. Msimu wa tatu vilevile. Hebu mwazieni mtayarishaji wa kituo chochote cha huku anayekwenda kwa mkurugenzi wake na kusema: bosi, nina kipindi cha watoto, karibu wote watashindwa, na zawadi ya mshindi haitakuwa fedha. Atatolewa nje na askari wa getini. Kile kipindi kiliishi miaka saba, na watoto waliokitazama sasa ni watu wazima wenye mvi wanaokizungumza hadi leo. Muda wa kipindi ukiisha safari ikiwa njiani, walisimamishwa palepale walipo na kuendelea wiki inayofuata. Mtoto wa Kiingereza alikwenda shule Jumatatu akijua kwamba kuna mwenziwe amesimama gizani, anamsubiri.

Vipo vipindi vya jamii hiyo vilivyokuja wakati uleule au baadaye. Wasemaji wa Kifaransa humu mnaijua Fort Boyard, iliyoanza 1990 katika ngome ya kweli iliyozungukwa na bahari, na mzee wake wa mafumbo, Père Fouras. Wamarekani walikuwa na Legends of the Hidden Temple kuanzia 1993. BBC ilikuwa na Raven, iliyorekodiwa Scotland kuanzia 2002. Kila kimoja kina sifa zake na sitavichambua. Knightmare ndicho kilichothubutu kumwachia mtoto aanguke.

Na sisi?

Sisi televisheni ilitufikia kwa zamu, na kwa wengine ilichelewa sana. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara walisubiri hadi 1994. Hapa Rwanda ilianza 1992. Kule ng'ambo ya barrière, lango letu la mpaka na Congo, wenye umri wangu mnakumbuka jinsi taarifa ya habari ya Zaire ilivyofunguliwa: Mobutu akijitokeza katikati ya mawingu, anashuka kwetu. Kama ni kipindi cha njozi, kile kilikuwa nambari moja, na waliokitazama hawakuwa na ruhusa ya kubadilisha mwisho wake.

Siku hizi watoto wetu wana vipindi vyao, na ni vizuri. Ubongo Kids ilianza Januari 2014 kwenye TBC ya Tanzania, ikifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na katuni zilizotengenezwa Dar es Salaam. Wadogo zaidi wana Akili and Me, na Rwanda kuna Itetero ya RBA, shirika la utangazaji la nchi hii. Upande wa Congo kuna mapokeo ya Génies en herbe, mashindano ya maswali na majibu yenye asili ya Kanada, ambayo shule za Kivu zimeyashiriki kwa vizazi. Sitaki mtu aondoke hapa akisema nimevibeza vipindi hivi. Akili mwenyewe, yule binti wa miaka minne, kila akilala huingia katika nchi ya ndotoni anakoishi na marafiki zake wanyama. Mlango wa njozi, basi, tumekwisha kuufungua.

Lakini tazameni kinachotokea baada ya mlango. Akili hawezi kushindwa. Kila safari yake inaisha salama na somo limeeleweka, na kwa mtoto wa miaka minne ndivyo inavyotakiwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili je? Tunampeleka Génies en herbe, anasimama nyuma ya meza, anaulizwa mji mkuu wa nchi fulani, anajibu au hajui. Kama hajui, hakuna anachoweza kufanya. Hakuna kukisia, kujadiliana, kuhatarisha, kumtegemea mwenzake. Tunao watoto wadogo wanaocheza bila hatari na wakubwa wanaotahiniwa bila mchezo. Katikati pamebaki pengo, na pengo hilo linajazwa na michezo ya simu iliyotungwa na watu wasiojua kama Gisenyi ipo.

Ajabu ni kwamba bibi zetu hawakuwa na pengo hilo. Kitendawili cha Kiswahili kina kanuni kali kuliko anavyodhani asiyekicheza. Anatega, mnajaribu, mkishindwa hampewi jibu bure: sharti mtoe mji. Anautaja autakao, anautembelea kwa maneno, anatamba alivyopokewa huko na alichokula, ninyi mmekaa mnameza mate kwa aibu, ndipo jibu linakuja. Wanyarwanda wana sakwe sakwe, na kundi zima linaitikia soma, kisha mbio za akili zinaanza. Mule mna kupoteza kitu. Mtoto alijifunza kupoteza mji jioni na kuamka asubuhi akiwa mzima.

Wala si lazima twende kwa bibi. Nendeni jioni kwenye vichochoro vya mji huu, muda mfupi kabla ya akina mama kuwaita watoto wakaoge. Mtawaona wawili wameshika kamba ya mgomba, wameivuta kukatiza njia. Wa tatu amekaa juu ya jiwe, ameweka miguu kiofisi. Wengine wamepanga mstari, mmoja ana boga kichwani, mwingine amembeba mdogo wake mgongoni. Kila anayefika mbele anatoa jani la parachichi: hilo ndilo jeton, kikaratasi cha kuvukia mpaka. Mwenye jiwe analigeuza, analitazama upande wa pili ambao hauna kitu, anauliza. Unatoka wapi? Unakwenda kwa nani? Umebeba nini? Kisha anachukua gunzi la mahindi, analielekeza kwenye paji la uso, anasubiri, anasoma joto. Gunzi liliingia mchezoni wakati wa Ebola ya 2019, nadhani, na corona ikalithibitisha kazini. Kanuni ni moja: ukicheka, unarudishwa mwisho wa mstari. Kamba inashushwa kwa asiyecheka.

Mwenye ngome yupo, mlinzi wa maswali yupo, mzigo upo, hatari ya kurudishwa nyuma ipo. Tim Child alihitaji studio. Hawa walihitaji mgomba.

Sasa nijibu swali ambalo naliona kwenye nyuso za baadhi yenu, hasa nyinyi kina mama mliokaa safu ya mbele. Mnasema: huyu anatuletea mafuvu na mashimo kwa watoto ambao wameona ya kweli. Ni swali zito kuliko yote ya leo, nami sitaki kulipita mbio.

Lango hili lina historia. Julai 1994 Wanyarwanda kwa mamia ya maelfu walipita Gisenyi kuingia Goma, siku hadi siku, na kipindupindu kikawasubiri huko. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata mji wa Goma ikashuka hadi ziwani, na safari hii watu ndio waliokimbilia huku. Usiku wa 22 Mei 2021 ikawa tena: mbingu nyekundu, magodoro vichwani, watoto wakivutwa mikono kuelekea barrière. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, risasi hazikuuliza mpaka uko wapi. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano wakati wa volkano ya 2021 bado yuko shule ya msingi. Wako wengine walioachana na wazazi wao kwenye msongamano ule. Je, huyu tumvishe kofia ya kumfunga macho?

Mimi nasema ndiyo, kwa masharti, na sababu yangu ni hii. Usiku wa volkano mtoto hakuambiwa kanuni. Hakujua ni hatua ngapi zimebaki, nani anasema kweli, kwa nini lango limefungwa kisha likafunguliwa. Hakuna aliyemuuliza maoni yake. Alivutwa. Ndani ya mchezo hatari ina kanuni zinazojulikana kabla, na kanuni hizo hazibadiliki kwa sababu afisa amekasirika. Mtoto anaamua, anaona matokeo ya uamuzi wake, na akianguka shimoni taa zinawashwa, kofia inavuliwa, wenzake wanamcheka na yeye anacheka. Simdai mtu yeyote aamini kwamba mchezo ni dawa. Kuna majeraha yanayohitaji mganga, na mwalimu anayemjua mtoto wake atamwacha nje asiyekuwa tayari. Ila kumnyima mtoto hatari ya kuigiza kwa kuwa ameonja ya kweli ni kumwachia ile ya kweli peke yake. Wale wa kamba ya mgomba wameshajibu swali hili bila kutuuliza. Walichagua wenyewe kucheza barrière.

Nije kwenye sauti, maana hapa ndipo ninapoona tunawazidi Waingereza.

Ukanda huu umelelewa na sauti za watu wanaotuongoza ndani ya picha tusizozielewa. Mnajua namsema nani. Yanga, Nkusi Thomas, aliyefariki 2022, aliwachukua Wanyarwanda wa vibanda vya video na kuwapitisha katika filamu za Kimarekani na Kihindi kwa agasobanuye yake, ule usimulizi wa Kinyarwanda juu ya filamu. Hakutafsiri tu. Alikuonya kabla adui hajatokea nyuma ya mlango, alimkebehi shujaa anayekawia, alikupa jina la mtaani la kila muuaji. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Kampala VJ Jingo. Wataalamu wa filamu walikuwa wakiwanunia, wakisema wanaharibu kazi za watu. Lakini kaa katika kibanda na filamu ileile bila msimulizi, uone watu wanavyoinuka mmoja mmoja. Mtazamaji wetu anajua tangu utotoni kwamba picha inataka mtu wa kuisema, na kwamba msemaji mzuri ni yule anayeona sekunde mbili mbele yako.

Basi mpeni mtoto wa miaka kumi na miwili kazi ya Yanga, huku rafiki yake akiwa ndani ya picha. Mtaona mambo. Kwanza mtagundua jinsi tunavyozoea kuelekeza kwa kidevu. Muulize mtu wa mji huu duka liko wapi, atakuinulia mdomo kuelekea upande fulani na kusema "pale". Kwa mtoto ndani ya kofia, pale si mahali. Itabidi mwelekezaji ahesabu hatua, ataje robo ya mzunguko, aseme kitu kiko usawa wa kiuno au wa goti, na aseme kwa utulivu wakati moyo unamwenda mbio. Mwalimu yeyote wa insha angelipa fedha yake kupata zoezi kama hilo. Tena Kiswahili chetu cha hapa kitafanya kazi ngumu. Mmoja ametoka Goma na Kiswahili chake cha mjini kilichochanganyika na Kifaransa, mwingine amekulia Rubavu akifikiri kwa Kinyarwanda, wa tatu mama yake ni wa Kigoma. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, makaratasi yote yako sawa. Makaratasi hayamfundishi mtu kusema "simama" kwa namna ambayo mwenzake atasimama kweli.

Niongeze neno moja ambalo halikuwepo Norwich. Katika mchezo huu mtoto aliyezaliwa haoni haanzi nyuma ya wenzake. Pengine angewazidi wote kwa kusikia, na wenzake watatu wangejifunza kwake jinsi maelekezo mazuri yanavyosikika.

Hadithi za kuweka ndani ya ngome nazo zipo. Hatuhitaji majoka ya Wales. Geuzeni shingo mtazame kaskazini, kukiwa hakuna mawingu. Wazee wa kubandwa, ibada ya kale ya huku, walisema Ryangombe, mkuu wa mizimu yake, na waliotawazwa katika siri zake hupumzika juu ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507 wenye baridi, na wasiotawazwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Ryangombe mwenyewe alitoka kuwinda ilhali mama yake amemkanya, akapigwa pembe na nyati, na mti wa umuko wenye maua mekundu ukampokea. Najua humu wamo walokole ambao wameshaanza kuomba kimyakimya. Siwaombi muabudu, Waingereza nao wanakwenda kanisani na bado walimpa Merlin kazi katika kipindi cha watoto. Nasema tu kwamba watu wenye mlima wa moto unaowaka usiku na mlima wa baridi kando yake, na hadithi inayoeleza nani anakwenda wapi, hawana sababu ya kuazima mandhari.

Watu wa pwani wana shujaa wao wa hadithi, Fumo Liongo, aliyefungwa gerezani na kupelekewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, mkate ambao walinzi waliudharau wakaupitisha. Mkate juu ya meza na vitu vingine vya thamani: timu ipi itauchagua? Hilo ni fumbo kamili la ngazi ya pili. Na Liongo huyo hauliwi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, siri ambayo mwanawe aliichimbua kwa kujifanya anampenda. Hiyo ni ya ngazi ya tatu, kwa watoto waliokwisha kujifunza kwamba anayekupa msaada mwulize anataka nini.

Kuhusu fedha nitasema machache. Miaka ile kompyuta ya kupachika picha juu ya buluu ilikuwa kitu cha wachache. Leo kila studio ndogo inayorekodi nyimbo za injili Goma au Kigali ina ukuta wa kijani, na kijana mwenye kompyuta ya mkononi anamweka mwimbaji juu ya mawingu kwa mchana mmoja. Wachoraji tunao, wengine wanachora mabango ya saluni kwa mkono unaostahili kazi kubwa zaidi. Waigizaji wa kusema bila kuandikiwa tunao kupita kiasi, wengine wako bungeni. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini na kutunga kanuni za haki, akazijaribu kwa watoto halisi hadi ziwe ngumu bila kuwa za kuonea. Kazi hiyo haina gharama ila inachosha, na kwa uzoefu wangu vituo vyetu viko radhi kulipia taa kuliko kulipia uchovu wa mtu anayefikiri.

Kwa hiyo ombi langu. Wenzangu wa RBA na wa vituo vya Goma: tengeni nusu saa Jumamosi asubuhi. Timu moja iwe na watoto wa pande zote mbili, wawili wa huku na wawili wa kule, na aliyevaa kofia asiwe wa upande mmoja kila wiki. Zawadi isiwe fedha wala simu. Mkiweka simu, wazazi wataanza kucheza badala ya watoto. Mlinzi wa lango msimchore afanane na afisa wa nchi yoyote, maana nataka kipindi kiishi zaidi ya wiki mbili.

Walimu, nyinyi msisubiri televisheni. Kitambaa cha kufunga macho kipo, chaki ipo, uwanja upo. Choreni vyumba vitatu chini, wekeni vitu vitano juu ya dawati na ruhusa ya kuchukua viwili, mwalimu mmoja awe ukuta wenye mafumbo. Fanyeni hivyo kwa muhula mmoja, na andikeni wapi watoto wanakwama. Madaftari hayo ndiyo yatakayompa mtayarishaji kazi ya kuanzia.

Na siku ya kurekodi ikifika, timu zote za msimu wa kwanza zikianguka, wakurugenzi watapiga simu kutaka mafumbo yalegezwe. Nawasihi msilegeze.